Asili ya Majina ya Njia: Kibera na Kawangware

Mkulima akitoka shamba kwenda Nairobi kumtazama nduguye, haja yake ya kwanza anaposhuka garini si chakula wala maji, bali ni jina. Nauli anayo mfukoni, na gunia la viazi analo begani. Lakini asipokuwa na jina la mtaa na jina la njia, atazunguka mpaka jua litue, na gunia litamwelemea. Karani naye aandikaye barua ajua jambo lilo hilo: barua isiyo na jina la mahali ni kama mjumbe aliyetumwa bila kuambiwa aendako.

Wasomaji wengi huyatamka majina haya kila siku, na pengine hawakupata kujiuliza yametoka wapi, nani aliyeyatoa, na kwa nini mengine yamebadilika na mengine yamekataa kubadilika. Basi safari hii twataka kutembea pamoja katika mitaa miwili iliyo upande wa magharibi na kusini-magharibi wa mji, yaani Kawangware na Kibera, tukiuliza habari za majina yake. Msomaji asidhani kwamba hii ni habari ya kujifurahisha tu. Tutaona mbele kwamba jina la mahali laweza kuwa ushahidi katika shauri la ardhi, na mwenye kulipoteza hupoteza shahidi wake.

ULIMI WA MGENI

Majina ya mahali hubadilika kwa njia tatu. Ya kwanza ni ulimi. Mgeni husikia jina, hulitamka kadiri awezavyo, huliandika kama alivyolitamka, na likishaandikwa katika ramani huwa gumu kuondoka.

Nairobi yenyewe ni mfano. Wamasai walipaita mahali hapa Enkare Nyirobi, maana yake maji baridi. Reli ya Uganda ilipofika mwaka wa 1899, jina lilikatwa nusu, na nusu iliyobaki ikapindwa kidogo. Kadhalika Naivasha Road, njia kubwa ya Kawangware, imechukua jina la ziwa la Bonde la Ufa ambalo Wamasai huliita Nai'posha, yaani maji yenye kuchafuka kwa mawimbi. Leo mama auzaye nyanya kando ya njia hiyo hafikirii mawimbi hata kidogo. Walakini kila amwelekezapo mnunuzi alipo, hutaja neno la Kimasai lililopita katika kinywa cha Mzungu.

Na Kibera vilevile. Jina hili asili yake ni neno la Kinubi, kibra, na maana yake ni msitu. Wanubi walilitumia kwa sababu mahali walipopewa kukaa palikuwa msitu kweli. Katika maandishi ya ofisini neno likaongezwa irabu katikati, likawa Kibera. Herufi moja tu! Lakini herufi hiyo moja, kama tutakavyoona, imekuwa na mambo makubwa.

KAMBI ZA KEYA

Hao Wanubi walitoka wapi? Wazee wao walikuwa askari kutoka Sudani, waliobaki karibu na Ziwa Albert baada ya jeshi la Emin Pasha kutawanyika. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wao kuitumikia kampuni ya Waingereza katika Uganda, na jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka wa 1902, wao walikuwa miongoni mwa askari wake. Jeshi hilo ndilo ambalo Waswahili waliliita Keya. Askari hao, pamoja na wake zao na watoto wao, wakapewa kukaa katika msitu uliokuwa nje ya Nairobi, na mwaka wa 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi.

Ukitaka kujua kwamba habari hii ni kweli, huna haja ya kufungua kitabu. Tembea ukasikilize majina ya vijiji vya Kibera. Kuna Kambi Muru, kuna Kambi Aluru, na kuna Kambi Lendu. Wamoru ni watu wa Sudani ya Kusini. Waalur wako Uganda na Kongo. Walendu ni watu wa Ituri, upande wa mashariki wa Kongo. Basi majina matatu ya vijiji yaonyesha njia nzima ya safari ya askari hao. Yaonyesha tena kwamba watu tunaowaita kwa jina moja la Wanubi walikuwa wa makabila mengi, waliounganishwa na bunduki, na dini, na lugha moja.

Kijiji kingine huitwa Lindi, jina lile lile la mji wa pwani ya kusini ya Tanganyika. Mwaka wa 1917 askari wa Keya walipigana vita vikali sana katika nchi iliyo nyuma ya mji huo. Ni nani atakayestaajabu kulikuta jina hilo katika kijiji cha askari? Na Laini Saba je? Wenyeji husimulia kwamba ni ukumbusho wa uwanja wa kujifunzia shabaha, uliopangwa kwa mistari, na huu ulikuwa mstari wa saba. Leo watoto huenda shule Laini Saba, na mama huenda dukani Laini Saba, wala hapana asikiaye mlio wa risasi katika jina hilo.

Jambo hili la jeshi kuacha jina si la Kibera peke yake. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote mbili zimetokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi na njaa. Wengi hawana kaburi lijulikanalo, bali wana masoko mawili yanayowakumbuka bila wanunuzi kujua.

NDEGE WA KAWANGWARE

Tukivuka Ngong Road twafika Dagoretti Corner, na kutoka hapo twaingia Naivasha Road mpaka Kawangware. Hapa habari ni nyingine. Wenyeji husema jina limetokana na neno la Kikuyu ngware, ndege ambaye sisi kwa Kiswahili humwita kware. Kila mkulima amjua ndege huyo, maana hufukua mbegu shambani kabla hazijaota. Jina basi latuambia kwamba nchi hii ilikuwa mashamba na vichaka, wala si mji.

Na kweli haikuwa mji. Upande huu wa Dagoretti ulikuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu, nje ya mipaka ya Nairobi. Watu walikuwa na mashamba yao kwa ukoo, na katika miaka ya 1950, mashamba yalipokusanywa na kupimwa kwa mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka wa 1954, wenye mashamba wakapata kuandikiwa ardhi zao. Mipaka ya mji ilipopanuliwa wakati wa uhuru, Dagoretti ikaingizwa Nairobi. Mji ulimkuta mwenye shamba na hati yake mkononi. Akajenga vyumba vya kupangisha mahali alipokuwa akilima mahindi, na kware wakahama.

Msomaji aitie moyoni tofauti hii ya mitaa miwili. Kawangware, jina na hati vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Kibera, wenyeji walikuwa na jina, lakini hati ilikuwa ya serikali.

AMRI YA SERIKALI

Njia ya pili ya kubadilika majina ni amri. Nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1963, mji wa Nairobi ulikuwa umejaa majina ya wafalme, magavana na masetla. Yalianza kushushwa moja moja. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Hardinge Street ikawa Kimathi Street, kwa kumkumbuka Dedan Kimathi aliyenyongwa tarehe 18 Februari, 1957. Victoria Street ikawa Tom Mboya Street. Na Government Road, ambako Bwana Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai, 1969, baadaye ikawa Moi Avenue.

Huku kwetu magharibi nako amri ilifika. Watu wa Kawangware waendao kazini Lavington kwa miguu huijua sana James Gichuru Road. Zamani iliitwa St. Austin's Road, kwa ajili ya misheni ya mapadre wa Kifaransa iliyoanzishwa mwaka wa 1899. Wakulima wa kahawa walikumbuke jina hilo, maana misheni hiyo ni miongoni mwa mahali pa kwanza karibu na Nairobi palipopandwa mibuni. Bwana Gichuru, ambaye jina lake limechukua nafasi, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha KANU mwaka wa 1960, na mwaka uliofuata akamwachia kiti Mzee Kenyatta alipotoka kifungoni. Mtu aliyepisha mwingine hakusahauliwa. Na njia nayo ikapisha jina.

Lakini katika mabadiliko yote hayo, hapana linalofundisha zaidi ya lile la barabara ipitayo Kangemi, kaskazini mwa Kawangware. Iliitwa Sclater's Road, kwa jina la Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi la Kiingereza, ambaye tangu mwaka wa 1895 alisimamia kufyeka njia ya magari ya kukokotwa kutoka Kibwezi mpaka mpaka wa Uganda. Leo yaitwa Waiyaki Way. Waiyaki wa Hinga ndiye mzee wa Kikuyu aliyefanya udugu na Lugard mwaka wa 1890, wakati ngome ya Dagoretti ilipojengwa. Urafiki ulivunjika, mwaka wa 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa pwani, asifike. Alifia njiani, huko Kibwezi. Angalieni basi: njia ya Sclater ilianzia mahali pale pale alipofia Waiyaki, na mwisho wake imechukua jina la Waiyaki. Aliyebadilisha jina hilo, kama alijua au hakujua, alilipa deni.

KINYWA CHA WATU

Njia ya tatu haina amri wala ofisi. Ni kinywa cha watu wenyewe. Wageni walipozidi kuja Kibera kutafuta kazi, walikuja na majina yao. Waliotoka Nyanza wakawa na Kisumu Ndogo. Wengine wakatazama ng'ambo, wakaita kijiji chao Soweto, kwa mfano wa mtaa wa Waafrika wa Johannesburg, ambao nao jina lake lilitungwa mwaka wa 1963 kwa kukata herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza. Kijiji kingine kikaitwa Raila, kwa jina la Bwana Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata tangu mwaka wa 1992 mpaka 2013, wakati Kibera ilipokuwa ndani ya Lang'ata. Mashimoni ni Kiswahili kitupu, wala hakihitaji mkalimani.

Kawangware nako kuna mahali paitwapo Kongo, na kuna mahali paitwapo kwa hesabu tu: 46. Hiyo ni namba ya gari litokalo mjini kwenda huko. Abiria walizoea kusema, "Nashuka 46," mpaka namba ya gari ikawa jina la mahali. Ramani zaweza kusema wapendavyo wachoraji. Kijana wa Kawangware akiulizwa atokako, hutaja namba. Laini Saba ni hesabu ya askari, na 46 ni hesabu ya abiria. Kila zama huhesabu kwa chombo chake.

Tena watazameni wenye magari wenyewe. Neno matatu lilitokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Nauli imepanda mara nyingi mno, lakini jina halikupanda nayo. Jina lililotolewa na watu hukaa hata sababu yake ikiondoka.

JINA NA ARDHI

Sasa turudi kwenye ile herufi moja. Baada ya vita vya kwanza, askari wa Kinubi walizeeka katika msitu wao wakiamini kwamba wamepewa uwe wao kwa malipo ya utumishi wao. Serikali ya wakoloni haikuona hivyo. Kwao hawa walikuwa wapangaji katika ardhi ya Mfalme. Kwa miaka mingi ekari zilimegwa kwa kujengwa mitaa mingine, na wapangaji wapya wakaja kwa maelfu. Kila ardhi ilipopungua, wazee walizidi kulishikilia jina. Walisema: hapa si Kibera, hapa ni Kibra. Walikuwa na maana kwamba mwenye kujua jina la kwanza la mahali ndiye aliyekuwapo kwanza.

Mipaka ya majimbo ya uchaguzi ilipochorwa upya, sehemu hii ilitengwa na Lang'ata, na katika uchaguzi wa mwaka wa 2013 ikawa jimbo lake lenyewe, kwa jina la Kibra. Marehemu Kenneth Okoth ndiye aliyekuwa mbunge wake wa kwanza. Lakini mahakama bado huitwa ya Kibera, na barabara bado ni Kibera Drive. Basi mtu aweza kushtakiwa Kibera na kupiga kura Kibra, wala asihame nyumba.

Mwezi wa Juni, 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hati ya ardhi ya jumuiya, ekari 288. Wazee walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana baba zao walikufa bila kuona karatasi hiyo. Walakini karani ajuaye hesabu atapata kwamba ekari 288 katika 4,197 hazifiki hata 7 katika kila 100. Jina limerudi zima. Ardhi imerudi kipande.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo jingine. Serikali ilitaka barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road kwa kupita katikati ya Kibera. Mwezi wa Julai, 2018, matingatinga yalikuja alfajiri. Nyumba zilivunjwa, na shule kadhaa pia. Taarifa za siku zile zilihesabu watu wapatao 30,000 waliopoteza makao. Barabara ilihitajiwa, wala hatubishi. Lakini katika karatasi za serikali jina lake lilikuwa ni mfululizo wa majina ya barabara inazoziunganisha, na kijiji hata kimoja cha wale waliovunjiwa hakikutajwa. Aliyesoma karatasi hizo mbali na pale angedhani njia yapita mahali patupu.

Na zamani ndivyo ramani zilivyosema. Mpaka mwaka wa 2009 Kibera ilikuwa doa tupu katika ramani nyingi, ingawa maelfu ya watu walilala, walipika na walizaa humo. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe walianza kuzunguka na vyombo vya kupimia, wakaandika vichochoro, visima, vyoo, misikiti, makanisa na zahanati, kwa majina yanayotumiwa na watu. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Hawakubuni jina. Waliandika tu yale ambayo kila mtoto wa kijiji aliyajua.

YAFAA KUFANYA NINI

Katika habari hizi kuna mafunzo ya kazi kwa kila mmoja wetu.

Kwanza, kila jina tulitumiapo liwe ndilo linalojulikana na wakaao pale. Ukimwandikia ndugu yako au ukimtumia mzigo, usitosheke na kuandika Kibera au Kawangware tu, maana ni mitaa mikubwa. Andika kijiji, njia, na alama iliyo karibu, kama vile shule, msikiti au kituo cha gari. Moto ukitokea, au mama akishikwa na uchungu usiku, jina kamili ndilo litakaloleta msaada kwa wakati.

Pili, tuwaulize wazee wangali hai. Kuuliza si ujinga. Mzee ajuaye kwa nini kijiji chake kinaitwa hivyo ana ushahidi ambao hauko katika kabati ya ofisi yoyote. Kijana aliyesoma achukue daftari aandike jina, maana yake, jina la aliyesimulia na tarehe. Kazi hiyo haina gharama ila ya kalamu.

Tatu, wenye mamlaka ya kutoa majina ya njia wakumbuke kuitisha baraza kwanza. Kumtukuza shujaa kwa kumpa njia ni jambo jema, kama tulivyoona kwa Waiyaki. Lakini njia ya kijiji ambayo tayari ina jina si njia isiyo na jina. Wakiondoa Kambi Lendu kwa ajili ya mtu mkubwa wa leo, watakuwa wamefuta safari ya kutoka Ituri mpaka Nairobi kwa kopo moja la rangi.

Waswahili husema, jina jema hung'ara gizani. Msomaji aliye na habari za hakika juu ya jina la njia au kijiji chake, popote alipo, ailete kwa Mhariri, iliyoandikwa wazi kwa upande mmoja wa karatasi. Atuambie jina lilivyo sasa, lilivyokuwa zamani, na ni nani aliyelibadilisha.